Mikono Iliyofichwa Nyuma ya Simu

Leo hii mpagazi wa Kariakoo aweza kuzungumza na binti yake aliyeko Muscat, akamwona uso, akamsikia akicheka, wakaagana kabla chai haijapoa. Baba zetu walingoja barua kwa majuma mengi, na mara nyingine ilifika baada ya mwandishi wake kuzikwa. Jambo hili ni neema, wala hakuna mwenye akili timamu atakayetaka turudi tulikotoka. Lakini kila chombo kina watu wanaokitumikia, na desturi ya wenye mali tangu zamani ni kutuonyesha chombo na kutuficha watu.

Ndugu msomaji, ufunguapo ukurasa wa Facebook asubuhi ukakuta salamu, picha za arusi na tanzia, usidhani kuwa ukurasa huo umejisafisha wenyewe. Kila siku hutupwa humo picha za watu wakichinjwa, watoto wakidhulumiwa, na maneno ya kuchochea kabila moja liliue jingine. Mashine huondoa sehemu ya uchafu huo. Sehemu iliyobaki yahitaji mtu anayeijua lugha, Kiswahili, Kisomali au Kiamhari, akae mbele ya kioo, atazame, kisha aamue. Tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa ajili ya Afrika ya Mashariki na ya Kusini ilifanyiwa Nairobi.

Wenye Facebook, kampuni ya Meta ya Marekani, hawakuwaajiri wachujaji hao wao wenyewe. Kazi walipewa kampuni nyingine iitwayo Sama, nayo ikakusanya vijana wa Kenya, Uganda, Ethiopia, Somalia na Afrika ya Kusini. Vijana hao walitia saini hati za kutunza siri za kazi. Hapa ndipo palipo kiini cha maneno yetu ya leo. Mtu aliyewekwa kulinda mazungumzo ya mamilioni alifungwa mdomo katika mazungumzo yake mwenyewe. Ametazama mauaji mchana kutwa, arudipo nyumbani usiku mkewe amwulize, "Kazi ilikuwaje leo?", atajibu nini?

Matokeo yake yalielezwa mahakamani. Mwezi wa Desemba 2024 ilijulikana kuwa daktari aliyewapima wachujaji hao kwa ajili ya kesi yao aliwakuta zaidi ya 140 wana maradhi makali ya kiwewe. Miongoni mwa yaliyotajwa ni ndoa kuvunjika na watu kutengana na jamaa zao. Basi chombo kinachosifiwa kuwa kinawaunganisha wanadamu kimewatenga na wanadamu wenzao wale wale wanaokitumikia.

Wala haiwezi kusemwa kuwa madhara haya hayakujulikana. Mwezi wa Mei 2020 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kuwafidia wachujaji wa Marekani walioumizwa na kazi ya namna hii. Kama kazi hiyo huiumiza nafsi ya mtu wa California, kwa sheria gani ya maumbile isiiumize nafsi ya mtu wa Nairobi?

Tutazame na ujira. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba wafanyakazi wa Sama jijini Nairobi waliajiriwa kuifundisha mashine ya akili mnemba ya kampuni ya OpenAI kutambua maneno machafu. Mikataba ilionyesha kuwa OpenAI ingelipa dola 12.50 kwa saa. Mfanyakazi alipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 hivi. Wako wanaotetea mambo haya. Husema kuwa ujira huo unazidi wa wengi mtaani, kwamba fedha iliyobaki ililipia gharama za kazi, na kwamba afadhali kazi hii kuliko kukosa kabisa. Hoja hiyo tunaifahamu, maana kazi ni haba na vijana ni wengi. Lakini uhaba wa kazi si ruhusa ya kumpunja anayeifanya, na mtu aliyekubali kwa sababu ya njaa hakukubali kwa hiari. Kama kazi ni njema kama isemwavyo, kwa nini ifanywe kwa siri?

Wazee wa pwani wataona kuwa mambo haya si mapya. Makuli wa bandari ya Mombasa nao walikuwa vibarua wa kutwa: leo yuko, kesho hayuko, na akiumia ni shauri lake. Hali hiyo haikubadilika kwa huruma ya wenye meli. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa maelfu, na ndipo wakubwa walipoanza kusikiliza. Kilichobadilika tangu siku zile ni shehena tu: badala ya magunia begani, leo kijana hupakia mambo ya kutisha moyoni.

Na dawa ni ile ile. Daniel Motaung, kijana wa Afrika ya Kusini, alijaribu kuwaunganisha wenzake mwaka 2019, kisha akafukuzwa kazi. Kampuni ilikana kuwa imemtenda vibaya. Mei 2022 aliwashtaki Sama na Meta pamoja. Mwaka 2023 wachujaji 184 nao wakaenda mahakamani, na tarehe 1 Mei mwaka huo huo wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Meta ilidai kuwa mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa dai hilo. Uamuzi huo haukusema nani ana haki katika madai yenyewe; ulisema kwamba tajiri wa mbali aweza kuitwa kujibu mahali alipotumia jasho la watu.

Twaona mambo matatu yafaa kutendwa. Kwanza, sheria zetu zitamke wazi kuwa anayefaidi kazi ndiye mwenye dhamana, hata kama amejificha nyuma ya mkandarasi kumi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, humpa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa uadilifu na ya kujiunga na chama. Haki hiyo isiishie mlangoni mwa ofisi yenye kompyuta. Pili, vyama vya wafanyakazi vya zamani viwafungulie milango vijana hawa, wala visiwaone kuwa ni makarani wasiojua taabu. Tatu, nchi zetu zishikamane. Sama ilipoiacha kazi ya uchujaji mwaka 2023, kazi ilihamia kwingine, na mwaka 2025 ikajulikana kuwa wachujaji wa Meta wako Accra nchini Ghana, wakiwa na malalamiko yale yale. Mtaji unaohama kila unapoulizwa swali hauwezi kukamatwa na nchi moja peke yake.

Nasi tunaotumia simu tuna sehemu yetu. Tusikubali kuambiwa kuwa kazi hii hufanywa na mashine tu, maana asiyejulikana hana wa kumtetea. Mfanyakazi wa reli, wa mkonge, wa bandari na wa kioo cha kompyuta ni ndugu mmoja. Akidhulumiwa mmoja wao, wote tusimame naye.