Karatasi ya lishe ijaribiwe kwanza kwetu

Ndugu wamemba wa kooperative, tangu sheria ya 2008 sheferi na sekta zina bajeti yao na haki ya kupanga maendeleo ya mahali. Hapa na pale wamekwisha kutia lishe mu mpango: mbegu ya soya na lengalenga, mafundisho ya upishi, kupima watoto. Ni vizuri. Kisha mwaka ao miaka miwili inakuja karatasi ya maulizo, ili kujua kama kazi ilizaa matunda. Sisi waagronome ndio tunaibeba nyumba kwa nyumba. Na tuseme wazi: mara nyingi hatuijaribu mbele ya kuitumia.

Tuwaeleze ilivyotupata upande wa Kabare. Karatasi iliandikwa kwa Kifaransa ku mji, kisha ikageuzwa kwa Kiswahili. Ilifuata kipimo kinachotumiwa mu inchi nyingi: mwanamke wa miaka 15 hadi 49 anaulizwa alikula nini jana, mchana na usiku. Vyakula vimegawanywa mafungu 10. Aliyefikisha mafungu 5 anahesabiwa kuwa amekula vyakula mbalimbali. Fungu moja ni majani ya kijani, kama sombe. Mtafsiri aliandika “mboga”. Basi kila mama alijibu ndiyo, mpaka mmoja akacheka: “Munauliza mboga gani? Bugali haiendi bila mboga. Ya jana ilikuwa sambaza.”

Tukashtuka, tukarudia nyumba za kwanza. Kwa wengine mboga ilikuwa maharagi matupu. Na ku fungu la nyama na samaki wengi walikuwa wamejibu hapana, kwani karatasi ilisema “nyama” tu, na sambaza si nyama. Majani yasiyoliwa yalihesabiwa, samaki walioliwa wakaachwa. Na ni kwa karatasi kama hiyo sheferi inakata nani apate mbegu msimu ujao!

Sisi watu wa shamba tunaona kosa lingine, ambalo watu wa afya hawalioni upesi. Ukiuliza mu mwezi wa sita, maharagi ya msimu B iko mu nyumba. Ukirudia mu mwezi wa kumi, msimu A ungali shambani na kitunga ni kitupu. Mradi utaonekana umeanguka, kumbe ni kalendari tu. Ukianza mu mwezi wa kumi na kumaliza mu wa sita, utasifiwa bure. Tena siku inayofuata soko si sawa na siku ingine.

Mkanda wa kupima mkono wa mtoto pia ujaribiwe. Chini ya milimetre 125 mtoto ana utapiamlo. Chini ya 115 iko mu hatari kubwa. Relé wawili wampime mtoto mmoja, kila mmoja bila kusikia namba ya mwenzake. Mmoja akisoma 123 na mwingine 127, kosa liko ku mikono yetu, si ku mtoto.

Wengine watasema kujaribu ni kupoteza siku na franga za pikipiki. Sisi pia tuliwahi kusema vile. Siku mbili mu kijiji kimoja, ambacho majibu yake hayatahesabiwa, zinatosha. Tulipoteza zaidi kwa kusahihisha majibu ya Kabare.

Kwa hiyo, sheferi ikileta karatasi, komite yenu iombe isomwe kwanza mbele ya wamemba, kwa Mashi, Kihavu ao lugha munayosema nyumbani, si kwa Kiswahili chetu tu. Mutoe akina mama wanne ao watano wanaopika wenyewe. Baba asijibu juu ya chungu ambacho hakukipika. Na musichague wa pembeni ya barabara peke yao. Karatasi zetu nyingi zimeishia pale pikipiki inaposimama.