Jibu Linalofika Baada ya Matanga

Nimechoshwa na kauli kwamba Waafrika hawakubali maiti zao kuguswa. Bamako, mji wa Waislamu wanaozika upesi, wazazi wamekubali. Kisumu na Siaya, ambako matanga ni shughuli ya ukoo mzima, wamekubali pia. Wanachoombwa ni sindano, si kisu: vipande vidogo vya mapafu, ini na ubongo, damu na maji ya uti wa mgongo, kisha mtoto anarudishwa kwao bila mshono. Mtandao wa CHAMPS, unaotafuta sababu za vifo vya watoto, unafanya hivyo tangu 2016.

Linalonikera ni karatasi. Mtoto akifa hospitalini Kenya, daktari anajaza fomu ya D1, familia inapewa kibali cha mazishi, na sababu iliyoandikwa siku hiyo ndiyo inayoingia katika takwimu za taifa. Nimonia, basi. Jopo la wataalamu wa CHAMPS huketi baadaye sana, majibu ya maabara mezani, na mara nyingi kuliko tulivyodhani hukuta Klebsiella pneumoniae, bakteria anayeenea ndani ya wodi zenyewe na kuzishinda antibiotiki nyingi. Fomu kwa kawaida haiguswi tena. Mtoto huyo sasa ana vifo viwili: kimoja cha serikali, kingine cha majarida.

Bajeti hufuata kile cha serikali. Nimonia hununuliwa chanjo na oksijeni, na ni sawa. Klebsiella inadai mambo yasiyo na mfadhili: bomba lenye maji saa nane usiku, sabuni, mpira wa kunyonya makohozi usiohamishwa kitanda hadi kitanda bila kuchemshwa, maabara ya kuotesha vijidudu. Nani ataidhinisha sabuni kwa ajili ya ugonjwa usiomo kwenye daftari? Nashuku wapo wakubwa wanaofurahi kwamba haumo. Nimonia haimlaumu mtu.

 

Cheti cha kimataifa cha WHO tayari kinauliza kama uchunguzi wa maiti uliombwa na kama matokeo yalitumika kuandika sababu ya kifo. Msajili wa vifo aruhusu basi sababu kurekebishwa jopo linapomaliza, na mama apewe nakala. Aanzie Siaya, ambako sampuli zipo.