Kalkilatere inaongeza nguvu ya kupanda, fren inabaki ileile

Leo tuongee juu ya kazi moja ya garaji ambayo abiria haioni, lakini maisha yake inategemea hapo. Ni kuprograma upya kalkilatere, yaani ile kompyuta ndogo inayoamuru motere. Mashofere wengi wanaita reprogramasio. Fundi anachomeka waya chini ya dashibodi, anasoma programu iliyotoka kiwandani, anabadilisha namba, kisha anairudisha ndani. Hakuna kipande cha chuma kilichobadilishwa. Lakini gari ya mazutu yenye turbo inaweza kupata nguvu zaidi kwa asilimia 20 hata 30.

Maoni yangu ni haya: kwa gari inayobeba watu kwenye barabara zetu za milima, hiyo kazi isifanywe kimya kimya kati ya tajiri wa gari na fundi. Anayelipa ikiharibika ni abiria, naye hakuulizwa.

Kwanza tuwe wakweli juu ya shofere. Kila jioni tajiri anangojea versema yake. Barabara ni mbovu, mazutu ni ghali, na mlima wa Ngomo kati ya Nyangezi na Kamanyola haumhurumii mtu. Tangu vita vilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, familia nyingi zimesafiri na nyumba yote juu ya gari: magodoro, masufuria, mifuko ya unga, watoto. Shofere anayetafuta nguvu kidogo ili apande bila kulala njiani si mtu mbaya. Ana sababu.

Lakini tuangalie ile nguvu inatoka wapi. Programu mpya inaamuru enjektere zimwage mazutu mengi zaidi, na turbo isukume hewa kwa shinikizo kubwa zaidi. Kiwanda kilikuwa kimeacha akiba kwa makusudi: kwa ajili ya mafuta machafu, joto, mizigo mizito na vidanje iliyocheleweshwa. Kwetu hayo mambo ni ya kila siku. Mazutu ya bidoni mara nyingine ina maji ndani. Ile akiba tunaitumia tayari, kabla fundi hajafungua mashini yake.

Tena kuna jambo la mwinuko. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi, karibu asilimia 15 chini ya ile ya pwani. Turbo inafidia upungufu huo kwa kuzunguka haraka zaidi, na kwa kawaida inazunguka tayari zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Sasa mtu akichukua faili iliyotengenezwa kwa gari ya Ulaya inayotembea karibu na bahari, akaiweka kwenye gari ya Bukavu, anaiomba turbo hewa ambayo haipo. Turbo inapita mwendo wake. Mazutu inakosa hewa ya kuchomeka vizuri, moshi mweusi unatoka, joto linapanda mpaka pistoni, ambayo ni ya aluminiamu, inaanza kuungua.

Na kuna ubaya mwingine ambao mafundi wengine wanafanya wakijua. Kiwanda kiliweka ulinzi: motere ikiona hatari, inawasha taa na kujipunguzia nguvu yenyewe. Shofere hapendi hiyo, kwa sababu gari inakuwa nzito katikati ya mlima. Basi fundi anazima taa na kufuta ule ulinzi. Shofere anatembea na moyo mtulivu, lakini ugonjwa uko palepale, ni onyo tu limenyamazishwa.

Turbo ikikatika mahali penye amani, mwenye gari anaita watu wa kumvuta. Hapa kwetu, gari ikifia njiani saa kumi na moja jioni, watu thelathini watalala porini pamoja na watoto, mahali ambapo hakuna anayejua nani anapita usiku. Familia iliyokimbia risasi haipaswi kuwekwa tena kwenye giza kwa sababu mtu alitaka kuongeza magunia kumi.

Maana hilo ndilo linalofuata. Nguvu ikiongezeka, mizigo inaongezeka. Mafundi wanasema gari itakula mazutu kidogo. Inaweza kuwa kweli, kama mzigo unabaki uleule na mguu wa shofere unabaki uleule. Lakini nani kati yetu ameona gari iliyopata nguvu ikaendelea kubeba kama zamani?

Halafu mlima unaopandwa unashukwa pia. Kutoka Ziwa Kivu mpaka Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mita 773, tunashuka karibu mita 700. Kalkilatere haijaongeza kitu chochote kwenye fren. Hata motere yenyewe, ukitoa mguu kwenye gazi na kushika vitesi ya chini, inazuia gari kwa nguvu ileile ya zamani. Na tukumbuke hesabu hii: gari ikitoka kilometa 40 kwa saa ikafika 60, kazi ya fren kuisimamisha haiongezeki kwa nusu, inazidi mara mbili. Ongeza mzigo juu yake. Fren inapata joto, mafuta yake yanachemka, pedali inakuwa laini chini ya mguu. Hapo hakuna programu itakayosaidia.

Sisemi reprogramasio ipigwe marufuku. Fundi anayejua kazi anaweza kurekebisha programu kwa kiasi, akipima moshi na joto, akizingatia mwinuko wetu. Kwa hiyo tunaomba mambo machache. Kila garaji ihifadhi faili ya asili ya gari na kumpa mwenye gari karatasi inayoonyesha kilichobadilishwa. Betri isaidiwe wakati wa kuandika programu, sababu umeme ukikatika katikati, kalkilatere inaweza kufa. Gari ya abiria isipewe nguvu mpya kabla fren na matairi kuangaliwa. Mashirika ya mashofere yaweke hilo katika kanuni za parkingi zao. Polisi wa barabarani wahesabu mizigo, si noti tu. Na wanaokodi kamio za kusafirisha familia zilizohama wamuulize mwenye kamio kabla ya kulipa: motere iliguswa? fren zilifanywa lini?

Na wewe abiria, una macho na pua. Moshi mweusi mzito kila gari inapopanda, harufu ya fren kuungua kwenye mteremko, shofere anayepiga pedali mara mbili tatu: hizo ni ishara. Mwambie asimame, fren zipoe. Mkisema wote pamoja, mama, baba na vijana, atasimama. Kuchelewa kufika Kamanyola saa moja si hasara kwa mtu aliyekwisha kupoteza nyumba.