UCHAMBUZI: Magari ya kale yanahitaji sheria yake, si huruma

TANGU Agosti 26, 2025, raia wa Uingereza anayelifufua gari kuukuu katika gereji ya nyumbani kwake amepunguziwa mzigo mkubwa. Mamlaka ya leseni za magari ya nchi hiyo ilitangaza kwamba gari lililokarabatiwa kwa vipuri vya aina ile ile, na likabaki na sura yake ya awali, halihitaji tena kutolewa taarifa, ilimradi maelezo yaliyomo katika hati yake ya usajili hayajabadilika. Hata gari la zamani lililoondolewa injini ya petroli na kuwekewa mota ya umeme sasa laweza kubaki na namba yake ya asili, ingawa mwenye gari analazimika kutoa taarifa ya mabadiliko hayo.

Kwa mtazamo wa haraka, hilo ni jambo la matajiri wa Ulaya wanaotafuta burudani ya mwisho wa wiki. Hata hivyo, ukilitazama kwa makini utaona kwamba linagusa suala ambalo nchi za Afrika Mashariki hazijalipatia jibu: je, gari lenye umri wa miaka 40 ni chuma chakavu, ni chombo cha hatari, au ni sehemu ya urithi wa taifa?

Sera zetu nyingi zimejibu swali hilo kwa kutazama umri peke yake. Kenya, kwa jumla, hairuhusu kuingizwa nchini magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Uganda nayo ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15. Hatua hizo zina sababu za msingi. Moshi wa magari mabovu unaua, na breki zisizoshika nazo zinaua. Hakuna serikali makini inayoweza kukubali nchi yake igeuzwe jalala la magari yaliyokataliwa kwingineko.

Lakini hatua hizo zina matokeo ambayo hayazungumzwi. Pale ambapo mlango wa magari ya zamani umefungwa, yale yaliyomo ndani ya nchi ndiyo pekee yatakayokuwapo. Kila Peugeot 404 inayokatwa vipande na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu ni hasara isiyo na fidia.

Na historia hiyo si ya kuazima. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya aliyashinda akiwa na ndugu yake, Jaswant, ndani ya Volvo PV544. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Baadaye Peugeot 504, iliyozinduliwa mwaka 1968, ikawa gari la abiria wa masafa marefu, la mkulima na la ofisa wa serikali. Magari hayo yalijenga uchumi wetu. Je, mtoto wa leo atayaona wapi?

Jibu la sasa ni kwamba atayaona kwa watu binafsi. Ni mwalimu mstaafu aliyelihifadhi gari la baba yake chini ya mwembe. Ni kijana aliyenunua bodi iliyoliwa na kutu na kuamua kuifufua kidogo kidogo kila apatapo fedha. Kazi hiyo hufanyika nyumbani, na si nyepesi. Kutu hujificha chini ya sakafu na katika kingo za milango, hivyo rangi mpya yaweza kufunika uozo badala ya kuuondoa. Nyaya za umeme zilizokauka huweza kuwasha moto. Kabureta, tofauti na mifumo ya kompyuta ya magari ya leo, huhitaji fundi mwenye sikio la kuisikiliza injini.

Petroli yenyewe nayo imebadilika. Injini nyingi za zamani zilibuniwa kutumia petroli yenye madini ya risasi, ambayo, pamoja na mambo mengine, yalikinga viti vya valvu visiliwe na joto. Risasi hiyo ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto, na nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiondoa kwenye petroli ifikapo Januari 2006. Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliacha kuiuza mwaka 2021. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kabisa. Anayefufua gari la mwaka 1965 anaweza kulazimika kukivua kichwa cha injini na kumwomba fundi wa mashine aweke viti vya valvu vya chuma kigumu. Uzee wa gari, basi, unaweza kupatanishwa na afya ya jamii, ilimradi utaalamu upo.

Hapo ndipo penye hofu kubwa zaidi. Utaalamu wa kunyoosha bodi kwa nyundo, kuchonga kipuri kisichopatikana na kurekebisha kabureta umo mikononi mwa mafundi wenye umri mkubwa, katika maeneo kama Gerezani jijini Dar es Salaam na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Vijana wanaojifunza ufundi leo hufundishwa magari ya leo, na hilo ni sahihi. Lakini bila magari ya zamani ya kufanyia kazi, ujuzi huo utazikwa pamoja na wenyewe.

Nini kifanyike? Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, linalitambua gari la kihistoria kuwa ni lile lenye umri usiopungua miaka 30, lililotunzwa katika hali yake halisi na lisilotumika kwa usafiri wa kila siku. Tafsiri hiyo ni msingi mzuri. Inalitenga gari la urithi na basi bovu linalobeba abiria kwa kisingizio cha uzee wake. Uingereza yenyewe haitoi msamaha wake wa kodi kwa malori makubwa na mabasi ya kale yanayofanya biashara.

Hata hivyo, si kila kitu cha Uingereza kinafaa kuigwa. Tangu mwaka 2018 magari mengi ya huko yaliyotimiza miaka 40 hayalazimiki kukaguliwa kila mwaka. Msamaha wa aina hiyo katika barabara zetu ungekuwa hatari. Gari la kale halina mifuko ya hewa, na mara nyingi halina mikanda kwa abiria wa nyuma. Likaguliwe, tena kwa ukali, lakini kwa vigezo vya breki, usukani, taa na matairi, si kwa mwaka wa kutengenezwa kwake.

Wenye magari nao wana wajibu. Vumbi la rangi ya zamani laweza kuwa na risasi, na la breki na klachi za kale laweza kuwa na asbesto; kusugua vitu hivyo uani watoto wakicheza jirani ni kuwanunulia maradhi. Kulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake ni kuchezea uhai. Wahifadhi pia hati za usajili, kwani gari lisilo na hati halina historia mbele ya sheria.

Serikali za Afrika Mashariki haziombwi fedha. Zinaombwa zitunge daraja moja la usajili: gari la kihistoria, lisilo la biashara, linalokaguliwa. Taifa linalotunza nyaraka zake na majengo yake ya kale halina sababu ya kuyaacha yateketee magari yaliyolibeba.