Bustani Yetu: Nungunungu na Sumu

Katika milima yetu ya Upare hakuna mama anayelima bustani kwa kujifurahisha tu. Viazi vitamu vya nyuma ya jiko, muhogo wa kando ya migomba, maboga na mahindi machache ya kuchoma ndivyo vinavyotuvusha miezi ya ukata, wakati mahindi ya ghalani yamekwisha na ya shambani hayajakomaa. Kwa hiyo mtu akiamka asubuhi akakuta matuta yamefukuliwa na mihogo imegugunwa, hasira yake si ya bure. Leo tuzungumze juu ya mwizi huyo wa usiku, na juu ya dawa ambayo watu huikimbilia wakiwa na hasira, yaani sumu.

Kwanza hapana budi kumjua mwizi, tusije tukampiga asiye na kosa. Ukiona mmea umenyauka ghafula, ukaung'oa na kukuta mizizi imeliwa kutoka chini, na karibu yake pana vichuguu vya udongo mbichi, huyo ni fuko, ambaye hukaa chini ya ardhi karibu maisha yake yote. Ukiona ardhi imepinduliwa mahali pakubwa kama kwa jembe, huyo ni nguruwe. Mahindi yakivunjwa mchana, watazame nyani na tumbili. Lakini ukikuta shina la muhogo limefukuliwa, mhogo wenyewe una alama za meno mapana, na pengine mwiba wa rangi nyeusi na nyeupe umeanguka njiani, basi jua kwamba nungunungu amepita.

Nungunungu ni wa jamaa ya panya, naye ndiye mkubwa kuliko wote wa jamaa hiyo katika Afrika. Aliyekomaa aweza kufikia kilo 20. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, ndiyo maana huguguna hata mifupa mikavu ili kuyapunguza. Mchana hulala katika pango la mawe au shimo, mara nyingi shimo lililoachwa na muhanga. Usiku hutoka, naye hupenda kupita njia zake zile zile. Wazee hutuambia watoto kwamba nungunungu hurusha miiba kama mishale. Sivyo. Akitishwa huisimamisha miiba, hutikisa mkia ukalia, kisha humwendea adui kinyumenyume, na miiba hung'oka ikabaki mwilini mwa adui. Mbwa wengi wamepata vidonda vibaya kwa namna hiyo. Tena hazai sana kama panya wa ghalani: jike huchukua mimba miezi mitatu hivi, akazaa mtoto mmoja au wawili, mara chache zaidi. Basi usidhani ni jeshi zima linalokuvamia. Huenda ni jozi moja tu na watoto wao, warudio kila usiku kwa sababu wameona mlango u wazi.

Sasa tuje kwenye sumu. Mtu huchukua dawa ya kuulia wadudu, huipaka kwenye kipande cha muhogo au boga, huiacha njiani, kisha huenda kulala akidhani kazi imekwisha. Nawasihi, msifanye hivyo, kwa sababu nne.

Sababu ya kwanza ni watoto wetu. Sumu haijui kuchagua. Ni mtoto gani wa mlimani asiyetafuna muhogo mbichi akitoka shule? Atajuaje kwamba kipande hiki ni chakula na kile ni kifo? Na kama balaa hilo limekwisha kutokea, usimlazimishe mtoto kutapika. Mkimbize hospitali mara moja, uchukue na chupa au pakiti ya dawa ile ili mganga ajue ni sumu gani.

Sababu ya pili ni nyama. Watu wengi hula nyama ya nungunungu. Mnyama aliyekula sumu kwako aweza kwenda kufa mbali, na mtu asiyejua lolote akamwokota, akamfanya kitoweo cha nyumba nzima. Utamjibu nini jirani yako siku hiyo?

Sababu ya tatu ni viumbe wengine. Mzoga wenye sumu huliwa na mbwa wa nyumbani, na fisi, na tai, nao hufa pia. Bundi aokotaye panya waliokula chambo chako hufa, kisha panya huongezeka. Sisi wa Same tuna Mkomazi chini ya milima yetu, iliyoanza kuwa pori la akiba mwaka 1951 na leo ni hifadhi ya taifa. Majirani zetu wa Kenya wameliona jambo hili: mwaka 2009, baada ya habari za simba kuuawa kwa dawa ya shambani iitwayo Furadan kuenea duniani, kampuni ya FMC ya Marekani iliacha kuipeleka Kenya, ikaanza kuinunua tena ile iliyobaki madukani. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya wadudu. Mikononi mwa watu wenye hasira ikageuka silaha.

Sababu ya nne ni sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda mnyama wa porini bila leseni au kibali, na sumu, mitego na mashimo ya kunasia yamo katika njia zilizokatazwa. Anayeona wanyama wamemzidi apeleke habari kwa serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Wengine hukwepa sumu ya dukani wakapanda muhogo mchungu, maana wanyama huuogopa. Ni kweli, lakini uchungu ule nao ni sumu, na muhogo huo hauliwi mpaka uandaliwe kwa uangalifu na kwa siku nyingi. Mwaka 1985, wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu walikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, na wengi wakapooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Miguu hiyo haikupona. Basi kwa bustani ya nyumbani, penye watoto, pandeni muhogo mtamu na kuulinda.

Mtauliza, "Tuulinde kwa nini?" Haya ndiyo mambo yafaayo:

1. Boma. Nungunungu hawezi kuruka wala si mpandaji hodari. Silaha zake ni kuchimba na kuguguna. Kwa hiyo ukuta au uzio wa mita moja watosha, mradi mguu wake uingie ardhini sentimita 30 au zaidi. Sisi tuna mawe tele, na wazee walikwisha kutuonyesha jinsi ya kuyapanga katika matuta ya milimani. Mwenye wavu wa chuma au mabati makuukuu ayazike vivyo hivyo. Huko Marekani, wenye bustani wanaosumbuliwa na mnyama mwingine wa mashimoni hukunja mguu wa wavu kuelekea nje kabla ya kuufukia. Mnyama akichimba karibu na uzio, hukutana na wavu chini ya kucha zake. Ni akili nzuri, tuige.

2. Uzio wa miti peke yake hautoshi. Mkonge na mnyaa huzuia mbuzi, lakini chini huacha vipenyo. Jazeni vipenyo hivyo kwa mawe au kwa matawi ya miiba.

3. Fyekeni vichaka vilivyo karibu na bustani. Nungunungu hapendi kuvuka mahali peupe.

4. Miche ya matunda ivikwe shina kwa kipande cha bati, maana huguguna magome mpaka mti ukafa.

5. Msiache mazao yaliyokomaa yakae ardhini bila sababu, wala maboga yaliyooza shambani. Hayo ndiyo yamwitayo mgeni.

6. Kama mnalinda kwa zamu, lindeni zaidi usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, nungunungu huogopa kutembea mahali pa wazi.

7. Msiwashe moto mashimoni wakati wa kiangazi. Moshi wa shimo moja waweza kuwa moto wa mlima mzima. Wala mtoto asitumwe kuingiza mkono humo, kwa kuwa nyoka nao hupenda mashimo.

Limebaki neno moja, nalo naliona kubwa kuliko hayo yote. Nungunungu hutembea mbali kwa usiku mmoja. Ukijenga boma lako peke yako, unamsukuma kwa mjane wa chini yako, asiye na kijana wa kumbebea mawe. Naye akikosa njia nyingine ndiye atakayekwenda dukani kununua sumu, na kuku watakaokufa pengine watakuwa wako. Wapare tunayo desturi ya msaragambo. Kwa msaragambo tumefukua ndiva ili maji yafike mashambani, na kwa msaragambo tumetengeneza barabara. Haitushindi kuzungushia bustani kumi za kitongoji kimoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, tukianza na asiye na nguvu. Mawe yapo, mikono ipo, na mikono mingi kazi haba.

Kwa hiyo kabla mvua za vuli hazijaanza, wakati ardhi ni kavu na kazi za shamba ni chache, zungumzeni na mwenyekiti wa kitongoji mpange siku. Na kama ndani ya nyumba yako kuna chupa ya dawa uliyokusudia kuipaka muhogo, iweke leo hii mahali pa juu penye kufuli, mbali na chakula na mbali na watoto.