Runinga kwa Pesa za Chama: Pima Kabla ya Kulipa

  

Juma hili mama mmoja wa hapa Mwakirunge ameniletea swali. Zamu yake ya chama imefika, naye atapokea shilingi 20,000. Runinga yao ya zamani imekufa. Yeye ataka inchi 32 ya taslimu, ili kitakachobaki kiende kwenye ada ya watoto. Mumewe ataka inchi 43 ya kulipia pole pole, na pesa za chama ziwe kianzio. Kijana wao wa kidato cha tatu ashikilia runinga aliyoiona kwenye simu, kwa kuwa wanunuzi wameisifu sana. Mama auliza: amfuate nani?

Wako watakaosema kwamba sheikh hana haja ya kuzungumzia runinga. Wanazuoni wametufunza kuwa chombo hufuata hukumu ya lile kinachotumikia. Katika nyumba nyingi za hapa kwetu chombo hiki kimekwisha kuingia. Kilichosalia ni kukinunua kwa halali, bila israfu na bila kupunjwa. Katika Surat al-Furqan, aya ya 67, Mwenyezi Mungu awasifu waja wake wasiofuja wala kufanya ubakhili watoapo mali, bali hushika njia ya kati. Hicho ndicho kipimo chetu.

Tuanze na maandishi ya boksi. Inchi hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Inchi 32 ni sentimita 81 za mshazari, na upana wa kioo ni takriban sentimita 71. Inchi 43 ina upana wa sentimita 95, na eneo lake lakaribia mara mbili ya inchi 32. Basi kabla ya kuvuka daraja la Nyali kwenda mjini, chukua futi ya cherehani upime ukuta, kisha upime masafa kutoka ukutani hadi pale mnapoketi.

Kisha utaona HD, Full HD na 4K. Hiyo ni hesabu ya vitone vya picha: HD ya runinga nyingi ndogo ni 1366 kwa 768, Full HD ni 1920 kwa 1080, na 4K ni 3840 kwa 2160. Katika inchi 32 ya HD, kitone kimoja kina upana wa takriban nusu milimita. Mtu aliyeketi mita mbili, jicho lake la kawaida huona kwa shida kitu kidogo kuliko hicho. Kwa hiyo, chumbani mwenu mkiwa mwaketi mita mbili, kuongeza maelfu ya shilingi kwa ajili ya 4K katika kioo kidogo ni kununua jina.

La tatu ndilo wengi husahau, nalo ni mfumo wa kupokea matangazo. Kenya ilizima mitambo ya analojia mwaka wa 2015, na matangazo yetu ya antena husafiri kwa mfumo uitwao DVB-T2. Tazama kama maandishi hayo yako, na hiyo 2 iwepo. Ikiwepo, antena yatosha kupata stesheni za bure bila king'amuzi. Isipokuwepo, ongeza bei ya king'amuzi kwenye hesabu yako. Hadhari zaidi na runinga za mtumba na zile tuletewazo na jamaa walio ng'ambo. Marekani na Japani hutumia mifumo mingine, na umeme wao ni wa nguvu ndogo kuliko 240 ya kwetu. Zawadi hiyo yaweza kuungua siku ya kwanza.

La nne ni wati, ambazo huandikwa nyuma ya runinga. Yenye wati 50 ikiwaka saa tano kwa siku hula robo uniti, yaani uniti saba na nusu kwa mwezi. Ya wati 100 hula kumi na tano. Zidisha kwa bei ya tokeni, kisha uzidishe kwa miaka utakayoishi nayo. La tano ni lile neno smati. Runinga smati yataka intaneti, na filamu ya HD yaweza kumaliza gigabaiti tatu kwa saa moja. Saa moja kila siku ni gigabaiti 90 kwa mwezi. Nyumba inayotegemea bando za simu haiwezi kuyabeba hayo, na hapo usmati utakuwa pambo.

Sasa nije kwa kijana na nyota zake. Maoni ya wanunuzi ni aina ya ushahidi, na Surat al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuijengea jambo tutakalolijutia. Mtume (S.A.W.) alikataza najshi, nayo ni mtu asiyetaka kununua kujitia kuisifu bidhaa au kupandisha bei ili mwengine ahadaike. Anayelipwa kuandika sifa za runinga asiyoitumia amefanya mlango wa najshi, hata kama soko lake liko ndani ya simu.

Basi, mwanangu, usihesabu nyota tu. Achana na aliyeandika siku ile ile aliyoletewa mzigo, kwani huyo amelijua boksi, hajaijua runinga. Mtafute aliyeitumia miezi sita au zaidi. Soma walioipa nyota mbili na tatu, maana hao mara nyingi hutaja jema na baya. Lalamiko la mmoja laweza kuwa bahati yake. Watu kumi wakitaja sauti hafifu au kioo kuingia mistari, hilo ni aibu la bidhaa. Hakikisha pia kuwa namba ya modeli ni ile ile, kwa kuwa jina moja la kampuni hubeba runinga nzuri na mbaya. Kisha muulize fundi wa mtaani ni runinga zipi zimjaliazo meza, na vipuri vya zipi hupatikana. Huyo ushahidi wake ameushika kwa mikono.

Dukani, haki yako ni kubwa. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta chini kumeloa. Alimkemea mwenyewe kwa kutouweka wazi unyevu ule, akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Sahaba mmoja aliyekuwa akipunjwa katika biashara alifundishwa na Mtume asharutishe kuwa pasiwe na hadaa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mnunuzi na muuzaji waweza kusharutishana khiyari ya hadi siku tatu. Na Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha na ya maelezo anayoyahitaji. Kwa hiyo sema bila ya haya: iwasheni nione, nisikie sauti, nijaribu rimoti na matundu yote. Chukua risiti yenye namba ya modeli, usome waranti. Aghalabu waranti haibebi kioo kilichovunjika wala kuungua kwa umeme, na kioo kipya hukaribia bei ya runinga nzima. Kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka si anasa.

Kuhusu kulipia pole pole: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka wa 1990, liliafiki kuwa bei ya muda yaweza kuzidi ya taslimu, iwapo bei moja na muda wake vimekatwa wakati wa mkataba. Likakataza nyongeza ya kumtoza aliyechelewa, kwani hiyo ni riba. Uliza hilo kwanza, na usome mkataba mwenyewe. Kisha piga hesabu. Tuseme inchi 43 ni shilingi 30,000 taslimu, na ya pole pole ni kianzio 8,000 na 100 kila siku kwa mwaka. Jumla ni 44,500. Hata ikiwa halali, hizo 14,500 za ziada ni ada ya nani nyumbani?

Na sisi watu wa Mwakirunge tuna sababu moja zaidi ya kuchagua kitakachodumu. Taka za Mombasa huletwa katika jaa letu. Kioo cha runinga za zamani za mgongo kina risasi ndani yake, na moshi wa nyaya zinazochomwa ili ipatikane shaba huingia vifuani mwa watoto wa jirani. Runinga ya kutupwa baada ya mwaka haiendi mbali na sisi.

Mama yangu, pesa za chama chako ni mali yako. Mumeo hana ruhusa ya kuzitumia ila kwa ridhaa yako, naye ni mtu wa kushauriwa kwa wema. Qur'ani, katika Surat al-Baqara, aya ya 233, yawataja wazazi wawili wakishauriana na kuridhiana hata katika kumwachisha mtoto ziwa, itakuwaje runinga? Kaeni watatu na karatasi moja. Kijana aandike T2, wati, waranti na lawama zinazojirudia. Baba apige hesabu ya jumla ya malipo. Wewe andika ada. Kwa uliyonieleza, mimi naona inchi 32 ya taslimu, yenye T2, ndiyo iliyo karibu na njia ya kati. Mkipenda inchi 43, wekeni akiba hadi zamu ijayo muinunue bila deni.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika kidogo chetu, na atukinge na deni lenye kulemea. Wallahu a'lam.