Teksi za Ho Chi Minh City: nani hasa anapanga nauli?

Mgeni anayetoka katika jengo la safari za kimataifa la uwanja wa ndege wa Tan Son Nhat, jijini Ho Chi Minh City, hulakiwa na joto kali, umati wa watu waliokuja kupokea jamaa zao, na mtu anayemnong'oneza bei ya teksi. Katikati ya jiji ni kilomita saba au nane tu kutoka hapo. Hata hivyo, kwa miaka mingi safari hiyo fupi imewagharimu wageni wengi kuliko inavyostahili.

Sehemu ya tatizo ni fedha yenyewe. Dola moja ya Marekani ni sawa na takriban dong 25,000, na kwa kuwa nauli huwa na sifuri nyingi, mita za teksi kwa kawaida huacha tarakimu tatu za mwisho. Mita ikionyesha 85.0, nauli ni dong 85,000. Asiyelijua hilo hubaki kuamini atakachoambiwa na dereva. Noti nazo zina mtego wake: ya dong 20,000 na ya dong 500,000 zote ni za buluu, ilhali ya kwanza haifikii dola moja na ya pili inakaribia dola 20.

Kampuni kongwe za Vinasun, yenye magari meupe, na Mai Linh, yenye magari ya kijani, zilijipatia heshima kwa sababu mita zao ziliaminika. Heshima hiyo ikawavutia walaghai, ambao walipaka magari yao rangi zilezile na kubadilisha herufi moja tu ya jina.

Ndiyo maana Grab ilipoingia Vietnam mwaka 2014 ilipokelewa kwa shangwe. Abiria aliiona bei katika simu kabla ya kupanda, hata kwa pikipiki za abiria, ambazo Wavietnam huziita xe om, yaani chombo cha kukumbatia. Kampuni za teksi hazikushangilia. Desemba 2018, mahakama jijini humo iliiamuru Grab iilipe Vinasun fidia ya dong bilioni 4.8. Miezi michache kabla ya hukumu hiyo, Uber ilikuwa imeiuzia Grab biashara yake ya Kusini Mashariki mwa Asia na kuondoka. Kisha, kwa amri iliyoanza kutumika Aprili 2020, serikali ikaziruhusu teksi kukokotoa nauli kwa programu badala ya mita.

Lakini bei inayoonekana mapema si lazima iwe bei nafuu. Mvua ya jioni inaponyesha na kila mtu akataka gari, programu hupandisha nauli, na abiria hana wa kujadiliana naye. Dereva naye yuko katika hali hiyo hiyo. Desemba 2020, baada ya kanuni mpya za kodi kuifanya Grab iongeze makato, madereva wake waliandamana Hanoi na Ho Chi Minh City. Ulaghai wa barabarani umepungua, lakini uamuzi wa nauli umehamia mahali ambapo dereva na abiria hawaoni hesabu inavyofanywa.

Ushindani umerejea kwa sura nyingine. Tangu 2023, teksi za umeme za Xanh SM, zilizoanzishwa na bilionea Pham Nhat Vuong na kutumia magari ya VinFast, kampuni yake mwenyewe, zimeenea katika miji mikubwa.

Usafiri wa umma unakwenda kwa mwendo wa pole. Njia ya kwanza ya metro ya jiji, yenye urefu wa kilomita 19.7, ilifunguliwa Desemba 2024, kutoka Ben Thanh hadi Suoi Tien upande wa mashariki. Haifiki uwanja wa ndege. Anayetua Tan Son Nhat bado ana mabasi, ambayo ni rahisi sana kwa mwenye mzigo mdogo, au teksi. Na hata dereva mwaminifu ataongeza juu ya nauli ya mita ada ndogo ya gari kuingia uwanjani. Hiyo ni halali.